Kuwakusanya Watoto wa Filomena

Kila ninayekutana naye, iwe ofisini kwa walimu au kwenye foleni ya sukari, ana swali lile lile: "Mwalimu Tekla, ilikuwaje huko Dar?" Nikianza kusimulia, kengele inagongwa au sukari inakwisha, na mimi nabaki na habari yangu. Basi nimekaa nimeandika yote, msome mpokezane. Nawaambia mapema kwamba bado sijapoa. Anayetaka habari za majengo marefu ya Posta akamwulize mtu aliyekwenda kutembea.

Kilichonipeleka mnakijua juu juu. Dada yangu Filomena, aliyekuwa mpiga taipu mjini, alifariki wakati masika imekata barabara, na habari ilinifikia huku Masasi matanga yakiwa yameshaondolewa. Aliacha mabinti watatu. Adela ndiye mkubwa, anakaribia kuwa mwari. Yusta yuko darasa la tatu. Koleta bado ananyonya kidole. Baba yao alikwenda kufanya kazi melini zamani akapotelea huko huko. Kwa hiyo mwenye neno alikuwa kaka yetu Damiani, fundi cherehani wa Kariakoo, kwa kuwa yeye ndiye mjomba, na kwetu mjomba akishasema amesema. Alimpa maneno dereva wa lori aniletee: "Mwambie Tekla asihangaike. Watoto nimeshawagawa."

Nimeshawagawa! Kama vyungu vya marehemu. Siku ile nilifundisha hesabu kwa sauti ambayo darasa la tano hawajaisahau.

Jambo jingine mnalopaswa kulijua ni kitabu. Filomena alipewa kitabu cha Kiingereza na mwalimu mmoja, mama Mmarekani mweusi aliyekuwa akifundisha mjini. Ni hadithi ya watoto. Watoto wanne na bibi yao wanaishi kusini ya Marekani, miaka ile watu weusi walipokuwa wakidai haki ya kukaa watakapo ndani ya basi, kula watakapo, na kupiga kura. Baba yao amefungwa kwa kukaa kwenye kiti cha mkahawa wa weupe na kukataa kuinuka. Mama amefukuzwa kazi ya kufua. Wanawake wa kanisani, kwa nia njema kabisa, wanataka kuwagawa watoto kwa jamaa, huyu huku na yule kule, mpaka mambo yatulie. Bibi anakataa. Filomena alikuwa akiwasomea wanawe kila jioni, anatafsiri papo hapo kwa Kiswahili. Likizo ya mwisho alipokuja kwetu alinicheka akasema, "Adela hanisemeshi nikifunga kitabu." Alifariki kabla hajafika mwisho.

Masasi mpaka Rufiji

Basi liliondoka Masasi likiwa zima, likafika Lindi likiwa bovu. Baada ya hapo ikawa ni kushuka na kusukuma, kupanda na kushuka tena. Somanga niliacha viatu vyangu vya kufundishia ndani ya tope. Niliviona vikizama, nikavitukana kama watu, na abiria wakacheka. Nikaendelea na safari kwa kandambili za kuazima.

Rufiji ilikuwa imejaa. Pantoni ilikuwa ng'ambo, na mwendeshaji wake amekwenda msibani. Siwezi kumlaumu mtu kwa kwenda msibani, lakini nilimlaumu. Mama mmoja wa Kindengereko alituuzia samaki wa kuchoma na muhogo, akaniona sili, akaja kukaa nami. Nilipomweleza ninakokwenda akanikatia kipande cha mgongo, kile kisicho na miiba mingi, akasema, "Kula mwanangu. Ugomvi unataka nguvu."

Huyo ndiye aliyenielewa. Asiyenielewa alikuwa bwana mmoja wa chama, mwenye shati la kijani lililopigwa pasi mpaka unashangaa kaipata wapi pasi porini. Alisikia habari yangu akajileta.

"Ndugu mwalimu," alisema, "siku hizi nchi hii haina yatima. Taifa zima ni familia moja. Mtoto akilelewa popote, amelelewa nyumbani."

"Hiyo familia," nikamwuliza, "inajua kwamba Koleta hali yai la kukaanga?"

"Sikukusudia hivyo."

"Inajua Yusta akilala na mtu lazima amshike sikio?"

Alihamia upande wa pili wa basi. Sina ugomvi na siasa ya Ujamaa, wenzangu mnanijua, nimelima shamba la kijiji kuliko wanaume wengine. Lakini sikuwa tayari kufundishwa maana ya jamaa na mtu asiyejua majina ya watoto.

Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu

Nilishuka Dar nikiwa na tope mpaka magotini, nikauliza njia ya soko jipya, na kutoka hapo nikatafuta nyumba. Kaka Damiani amepanga vyumba viwili katika nyumba ya Waswahili wengi, mlango wa katikati, ukumbi mrefu, uani watu kumi na mambo yao. Wifi yangu Pili, mke wa kaka, alikuwa barazani anakaanga bajia za kuuza. Alinikumbatia kwa mikono yake ya unga, akalia, nami nikalia. Wifi Pili si mtu mbaya. Naliandika hili mapema kwa sababu mtakapofika mbele mtamchukia.

Yusta alitoka na ndoo. Aliponiona aliitua chini polepole, asimwage tone.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Wenzako wako wapi?"

"Dada yuko kwa Wahindi, Kisutu. Koleta yuko Jangwani kwa mtani." Akafikiri kidogo. "Mimi nimebaki hapa."

Halafu akanieleza habari ya kitabu. Siku matanga yalipoondolewa na mjomba akatangaza mgawo wake, Adela aliingia chumbani, akakitoa kitabu cha mama yao, akakichana vipande vitatu. Mwanzo akampa Koleta, katikati akampa Yusta, mwisho akabaki nao yeye. Aliwaambia hakuna atakayejua hadithi ilivyokwisha mpaka wakae tena kitanda kimoja. Kaka Damiani alimzaba kibao kwa kuharibu kitabu. Alikasirikia kitabu! Watoto alikuwa amewachana yeye mwenyewe dakika chache zilizopita, mbele ya watu, na watu wakamwitikia.

"Kipande chako kiko wapi?" nikamwuliza Yusta.

Kabla hajajibu wifi akaniletea bajia za kupoza njaa, zimefungwa kwenye karatasi. Nilipoifungua nikaona maandishi ya Kiingereza yamelowa mafuta. Mtoto mdogo katika hadithi anamwuliza bibi yake kwa nini maji ya bomba moja yana wenyewe na maji ya bomba jingine yana wenyewe, ilhali mabomba yote mawili yanatoka ukuta mmoja.

"Wifi, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Si zile za mtoto? Mjini karatasi hakuna, wifi yangu, hata gazeti kuukuu tunanyang'anyana."

"Nilimwomba asizitumie," alisema Yusta. "Akaniambia ni za Kizungu, nitazisoma mimi?"

Katikati yote ya kitabu ilikuwa imekwenda na bajia, Msimbazi nzima imekula na kutupa. Nilimwambia wifi maneno ambayo wapangaji wote walitoka vyumbani kuja kuyasikiliza. Akalia tena. Alisema alidhani ni karatasi tu, na najua alisema kweli, lakini kweli hiyo haikunisaidia kitu. Ule ukurasa mmoja niliukausha juani nikaukunja.

Kisutu, juu ya duka la vitambaa

Nilimshika Yusta mkono tukakata Mnazi Mmoja kwa miguu, kwa kuwa foleni ya basi ilikuwa imezunguka kona. Kaka Damiani anashonea barazani kwa duka la vitambaa la familia moja ya Kihindu. Ana cherehani yake, wao wana baraza, na mteja akinunua kitambaa ndani anashonewa nje. Amekaa hapo miaka mingi, na hilo baraza ndilo linalomlisha. Nilimkuta ameinamia suruali ya mtu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakusimamisha gurudumu. "Umefika. Pole na safari."

"Adela yuko wapi?"

"Juu. Anamshika mtoto wa tajiri. Anakula vizuri, jioni watamfundisha kusoma."

"Kusoma anajua."

"Tekla, usinianzie hapa. Hapa ni kazini."

Nikapanda ngazi. Mama wa nyumba, wanayemwita Mama Jayu, alitupokea mlangoni akatuomba tuache kandambili nje. Ni mwanamke wa umri wangu, mnyenyekevu, ana kitoto cha miezi michache begani. Nyuma yake, jikoni, Adela alikuwa anachagua mchele. Alinyanyua uso akanitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyeruka foleni.

"Umekuja kutuchukua," aliuliza, "au umekuja kutusalimia?"

Hakuna shikamoo. Na sikuidai.

"Kuwachukua," nikasema.

Mama Jayu akageuka. "Kuwachukua nani? Hawa wangapi?"

Hapo ndipo ilipojulikana. Kaka Damiani alikuwa amemwambia kwamba binti huyu hana mtu duniani. Mama Jayu akaona anafanya wema kumpa mtoto mahali pa kulala. Kila jioni Adela alikuwa akimwomba ruhusa ya kwenda Jangwani, naye akakataa, akidhani mtoto anataka kuzurura. Adela naye hakueleza, kwa sababu aliamini mama huyu anajua yote na ameshirikiana na mjomba. Walikuwa wamekaa nyumba moja wiki nyingi, kila mmoja anamwona mwenzake katili.

"Una wadogo?" Mama Jayu alimwuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Mama Jayu alimpa Yusta kitoto amshike, akatoka mpaka dirishani, akamwita kaka Damiani kwa jina mara moja tu. Kaka akapanda. Sitayaandika yote aliyoambiwa. Mama Jayu alimwambia kwamba dada zake yeye wametawanyika, mmoja Mombasa, mmoja Uingereza, mmoja hajui hata aliko, na kwamba kama angejua asingemgusa mtoto huyu hata kwa dakika. "Umenifanya niwe mwizi wa watoto, Damiani," alimwambia. Kaka alisimama na futi yake ya kitambaa shingoni, anatazama sakafu.

Lazima niseme kweli, nilifurahi. Nilifurahi sana. Baadaye furaha ilinitoka, lakini siyo pale.

Adela alikwenda akachukua kifurushi chake. Chini ya mkeka akatoa kipande cha mwisho cha kitabu, akakitia ndani ya gauni. Mama Jayu akatufungia chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, za kukaa siku nyingi, akasema hicho ndicho chakula cha safari kwao. Mlangoni Adela akamgeukia, akampa shikamoo ile aliyoninyima mimi.

Tulipopita barazani kaka alisema bila kunyanyua kichwa, "Umeniharibia kazi yangu."

"Ningeweza ningeiharibu zaidi," nikamjibu, nikaendelea na safari.

Jangwani

Bonde lote lilikuwa tope. Watu wanatoa maji ndani kwa makarai, magodoro yameanikwa juu ya mapaa. Tulivua kandambili tukazishika mkononi. Njiani nilikuwa najipanga maneno ya kumwambia huyo Komba. Wifi Pili alikuwa ameniambia kwamba Komba, seremala, mtani wetu mtu wa Songea, alimchukua Koleta siku ya kuondoa matanga "akamlee". Nilikuwa nimekata shauri kwamba seremala atanipa mtoto au nitalala mlangoni pake.

Kabla sijapiga hodi, sauti ikatoka ndani:

"Mmekuja na jogoo wangu, au mmekuja mikono mitupu kama kawaida yenu?"

Mzee alitoka, randa mkononi, nyusi zimejaa vumbi la mbao. Nyuma yake mkewe amembeba Koleta mgongoni, kidole mdomoni.

"Jogoo gani?" nilifoka. "Nimefuata mtoto!"

"Watu wa Masasi hamna haya! Mnaweka mtoto rehani, mnakwenda zenu kula na kulala. Huyu amenimalizia unga. Kila siku namwambia mke wangu, leo watakuja kukomboa, pika kidogo. Nani kaja? Hakuna!"

Ndipo nikaelewa, nikakaa chini kwenye gogo lake.

Ninyi mnajua desturi, lakini naandika kwa ajili ya walimu vijana waliozaliwa mjini. Siku ya kuondoa matanga, mtani ana ruhusa ya kufanya lolote. Anaweza kulala kaburini, anaweza kuvaa nguo za marehemu, anaweza kunyakua kitu chochote cha nyumba ile akakimbia nacho, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Kazi yao ni kumfuata siku hiyo hiyo na kukomboa, kwa jogoo au kwa kanga, watukanwe, wacheke, na msiba uwe umekwisha. Komba alimweka Koleta mabegani akapiga kelele, "Huyu wangu, nimemrithi!" Watu wote walicheka, hata Koleta. Na kaka Damiani akasema, "Asante mtani, umenipunguzia mzigo."

Komba alidhani ni utani wa kujibu utani. Akaenda kwake kungoja jogoo.

Kaka yangu hakuwa anatania.

"Mwezi mzima?" nikamwuliza Komba. "Hukuweza kumrudisha?"

"Nimrudishe mwenyewe? Umeona wapi mtani anarudisha? Ningemtukana marehemu wenu." Akapunguza sauti. "Dada, nilipoona siku zinapita nikajua kuna jambo. Lakini nilisema moyoni, mtoto anakula, mke wangu hajapata mtoto, ana furaha. Nikanyamaza."

Mkewe alikuwa anamtazama mumewe, si mimi. Alimtua Koleta taratibu. Koleta aliwaona dada zake akatoa kidole mdomoni. Adela akamchukua, akambana, na Yusta akamshika Koleta sikio, akaling'ang'ania. Nilitaka tuondoke saa hiyo hiyo.

"Sikupi," alisema Komba. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Wewe ni mama yake mdogo, nakuheshimu. Lakini aliyeniachia ni mjomba wake. Yeye aje mwenyewe, kwa miguu yake, na jogoo. Vinginevyo marehemu dada yenu hajaondolewa matanga, na mimi sitaubeba mzigo huo."

Mke wa Komba alipanda juu ya kiti, akatoa kwenye boriti, mahali maji ya mafuriko yasingefika, kipande cha mwanzo cha kitabu kimefungwa ndani ya kanga. "Mtoto alisema ni cha mama yake," alisema. Katika jiji lile lote, mtu asiyejua kusoma ndiye aliyeziweka karatasi zile juu ya boriti. Niliwaacha watoto wote watatu pale, Adela akakataa kabisa kuondoka bila Koleta, nikarudi Kariakoo peke yangu.

Kariakoo tena

Kaka alikuwa amerudi. Alikuwa amebeba cherehani yake nyumbani, ameiweka ukumbini, anaipaka mafuta. Nilimweleza habari ya Komba. Alicheka kicheko kifupi.

"Nikatukanwe Jangwani mbele ya watu? Wewe umeshanitukanisha Kisutu, inatosha."

"Uliwagawa watoto wa dada yako kama nyama ya Idi."

"Ulitaka nifanyeje?" Alisimama. "Vyumba viwili! Unga wa foleni! Tajiri anahitaji yaya, mimi nahitaji baraza. Mtani anataka mtoto. Nimekosa nini? Nilimtafutia kila mmoja sahani ya wali. Hakuna aliyelala njaa, Tekla. Hata mmoja!"

"Hakuna aliyelala na mwenzake."

"Na sisi je?" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Mama alipokufa, mjomba alitugawa. Mimi nikaenda Tanga kwenye mkonge, Filomena akaenda kwa masista, wewe ukabaki kwa bibi. Nani alikufa? Tulikua! Mimi fundi, wewe mwalimu! Nani alikufa?"

Hapo hasira yangu ikawa ya namna nyingine, ya ndani, isiyo na kelele.

"Kaka," nikamwambia, "niambie kitu kimoja unachokijua juu yangu. Siyo juu ya Mwalimu Tekla. Juu ya dada yako. Kimoja tu."

Akalishika gurudumu la cherehani akalizungusha tupu, bila uzi.

"Na mimi sikijui chako," nikasema. "Sijui hata unapenda kula nini. Filomena amezikwa, na mimi nilikuwa namjua kwa likizo. Ndivyo tulivyokua."

Aliyesema ni Wifi Pili, kutoka mlangoni, mkono kinywani. "Kumbe matanga hayajaisha? Mume wangu, mwezi mzima tunakula, tunalala, tunapika biashara humu ndani, na marehemu bado yuko njiani?" Alikwenda uani akarudi na jogoo wake mwenyewe, yule mwekundu aliyekuwa akimlea kwa ajili ya Krismasi, akamtia mumewe mikononi. "Nenda. Ukirudi na huyu jogoo hutanikuta."

Jangwani, na jogoo

Sikuwahi kuona mtu anatukanwa vile. Komba aliita majirani. Alimwita kaka yangu mwuza watoto, mshona suruali za wengine huku yake imepasuka, mjomba wa bajia. Majirani walicheka mpaka wakashikilia kuta. Kaka alisimama katikati ya tope, jogoo kwapani, suruali ya kazini imelowa. Anayetukanwa na mtani haruhusiwi kujibu kwa hasira, na yeye hakujibu. Mimi nilitaka kucheka na wenzangu, nikashindwa. Yale yaliyokuwa yakisemwa kwa kicheko ndiyo niliyosafiri kuja kuyasema kwa ukali, na hapo niliyaona yalivyo mazito.

Mwishowe Komba akanyamaza, akapokea jogoo, akamshika Koleta mkono, akamkabidhi. Kaka akampokea. Mke wa Komba aliingia ndani na hakutoka tena, na hilo nalo lilinikasirisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mnazi Mmoja, stendi

Basi la kusini lilikuwa liondoke asubuhi. Asubuhi fundi akasema bado kifaa kimoja kinatafutwa. Mchana akasema kifaa kimepatikana lakini siyo chenyewe. Tulikaa juu ya mizigo yetu na chapati za Mama Jayu. Kaka Damiani alikuja kutusindikiza. Hakunisalimia. Aliegemea nguzo, mikono nyuma.

Adela akatoa vipande viwili vilivyobaki, mwanzo na mwisho, na ule ukurasa mmoja wa bajia.

"Soma," aliniambia. "Tuko pamoja sasa."

Mwanzo waliujua. Katikati tuliibuni wenyewe, Yusta akitia maneno, Koleta akitia bibi mwenye simba. Nikafika mwisho, nikawa natafsiri kama alivyokuwa akitafsiri mama yao. Baba anatoka gerezani. Watoto hawakugawanywa. Lakini kaka yao mkubwa amejiandikisha na vijana wanaodai haki ya kura, watu wenye bunduki wamemtafuta nyumbani, na bibi mwenyewe, yule yule aliyekataa, ndiye anayempeleka kituoni apande basi la kaskazini usiku huo huo. Basi linaondoka. Mdogo wao wa mwisho anachomoka mikononi mwa bibi, anakimbia kando ya basi, amegusa bati kwa kiganja, anakimbia mpaka barabara inamshinda. Hapo kitabu kinakwisha.

"Hivyo tu?" Adela alisimama. "Kitabu gani hiki? Mama alituambia wanabaki wote!"

"Mama yako alikuwa hajafika huku," nikamwambia, na nilikuwa na hasira kama yeye.

"Huyo wa kwenye kitabu hakuanguka," ilisema sauti juu yetu.

Kaka Damiani alikuwa ameiacha nguzo. Alikuwa amenyoosha kidole kwenye goti langu la kushoto, pale gauni lilipopanda.

"Huyu alianguka. Lori la mkonge lilipokuja kunichukua, alikimbia nyuma yake tangu kanisani. Niko juu, nimeshikwa, namwona. Alianguka kwenye kokoto za daraja, akainuka, damu mpaka kwenye unyayo, akakimbia tena. Nilimpigia kelele arudi. Mlima ukanificha." Akashusha kidole. "Uliniuliza jana kitu kimoja. Ndicho hicho. Ndicho ninachokijua."

Lile kovu la gotini, wenzangu, mmeliona wote. Bibi aliniambia nililipata kwenye ngazi za kisima. Nilikuwa mdogo mno kukumbuka, nami nimewasimulia watu hadithi ya kisima maisha yangu yote.

Nilitaka kumwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. Nilitaka kumwuliza iweje mtu aliyeona vile kutoka juu ya lori aje kufanya yale aliyoyafanya. Maneno yote yalikuwepo, makali, yamepangana. Fundi alipita akisema kifaa kimepatikana, kesho asubuhi bila shaka.

Nikausogeza mzigo.

"Kaa basi," nikamwambia kwa ukali. "Unatuzibia upepo."

Akakaa.